Aya Nne Zisizo Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Zahanati tena, mtaani Kimbo, mimi na kadi zangu za wagonjwa pale mapokezi. Mama mmoja kasema mtoto wake hajala siku mbili, halafu akacheka. Nami nikacheka. Hakuna aliyefurahi. Nimemwingiza daftarini, wa kumi na moja leo. Mradi wangu wa diploma ya ushauri nasaha ndio huo: kwa nini watu hucheka kwa mazoea tu. Unatakiwa chuoni Thika Ijumaa. Nimebakiza nambari za kurasa.

Jumanne, 4 Machi
Siamini. Baada ya kazi nimepita maktaba kutafuta ukurasa mmoja, nikakutana na aya yangu kitabuni. Neno kwa neno. Ile ile ambayo Madam Wangari, msimamizi wangu, aliipigia mstari akaandika pembeni, "Hapa umenena." Kumbe aliyenena ni mwingine. Mwaka jana nilinakili bila alama za kunukuu, bila jina la mwandishi. Baadaye nikaona mwandiko wangu, nikadhani na mawazo ni yangu. Nimezihesabu zote, aya nne. Masikio yanawaka kwa aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nikisema, mradi utakataliwa na sitahitimu mwaka huu. Mama ameshawaalika wanawake wa kanisa huko Gatundu. Nikinyamaza, nani atajua? Nimejaribu kubadilisha. Palipo "watu" nikaweka "binadamu". Bado ni aya ya mwandishi yule, nimeivalisha kofia tu. Nimefuta. Nitasema.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshindwa. Saa ya chakula nimekimbia chuoni, nikamwambia Madam ofisini kwake, "Kuna paragraph nne nimeiba, hehe." Ile hehe ilitoka yenyewe. Akaangua kicheko. "Nyambura, aki wewe na jokes zako! Leta kazi kesho." Nikacheka tena, nikatoka. Mjinga mimi! Miezi sita naandika vicheko vya wengine, changu sikukiandika hata siku moja. Sasa nakijua. Nacheka ili mtu akinikatalia, nionekane nilikuwa natania. Hiyo sikuisoma popote.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba ruhusa kazini. Nimeazima kitabu chenyewe, nikatia vipande vya karatasi kwenye kurasa nne, nikakiweka mezani kwa Madam kando ya kazi yangu. Nikamwonyesha aya moja moja huku nimeuma shavu kwa ndani. Alianza kutabasamu, akangoja nicheke. Sikucheka. Tabasamu likaisha. Akasoma. Akasema sura ya pili yote nirudie, mahafali ya mwaka huu nisahau.
"Na ningekupitisha, unajua?"
Nikasema najua. Nimeumia. Nilitaka sana ile kofia na joho. Lakini nikiulizwa tena kesho, nitasema vilevile.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimempigia mama. Nimemweleza kwamba sihitimu, na kwa nini. Akacheka. Nikangoja amalize.
"Ni ukweli, maitu."
Nilisikia kuku wake. Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema githeri. Akasema wale wanawake atawaambia yeye mwenyewe, nisijali.

Mchana kumetulia hapa Kamenu ninakopanga. Nimefua sare. Nimeandika sentensi mbili za sura ya pili. Si nzuri sana. Nimeziacha zilivyo.