Mzinga wa Mjomba Ukutani

S.L.P. 418,
Gakoromone, Meru.
11 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Ireri,

Bwana asifiwe. Hamjambo huko Marsabit, wewe na mama watoto? Goti lako je, joto limelisaidia? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu hauna raha hata kidogo.

Huku baridi imeingia na mahindi hayakutuaibisha.

Mdogo wangu Kanana bado yuko na picha zake. Usijaribu kuzielewa, Mjomba: hazina mtu, hazina ng'ombe, hata mlima wetu haumo. Huokota sokoni majani makavu ya migomba yaliyofungiwa miraa, soli za malapa na magunia ya majani chai, akavichemsha na masizi, akavibandika ubaoni aone vitakuwa nini. Mimi humwambia nyumba imegeuka jalala, naye hucheka. Lakini kuna moja ambayo nikiipita, lazima nisimame.

Mwezi wa pili alienda Kiambere kusafisha kaburi la Mama. Kichakani, nyuma ya boma lako la zamani, akakuta mzinga wa gogo umeanguka, umepasuka, hauna nyuki hata mmoja. Akadhani umetupwa. Akauleta huku, akaukata kwa msumeno, akaupigilia ubaoni na kuupaka lami. Sisi tulilelewa mjini, nani angetuonya?

Juzi Ednah, jirani yako wa kule, alipita kutusalimia. Akaiona alama yako kwenye gogo, ile mikato miwili na duara, akaweka kikombe chini.

"Hii ni mzinga ya Ireri," akasema. "Mzinga haitupwi kama mwenyewe ako hai, hata ikioza. Na nyinyi mmekata ya mjomba wenu! Na huyu msichana ako na mimba!"

Chai hakuimaliza. Alisema atakuambia, na nadhani alikuambia, maana tangu siku hiyo nakupigia na simu inaita tu. Kunyamaza kwako kunanitisha kuliko maneno yake.

Kanana anajifungua mwezi huu. Unajua mtoto wake wa kwanza hakulia. Mjomba, naogopa. Mimi hufundisha shule ya Jumapili, nimeomba na nimefunga, na bado nimekaa kukuandikia. Laana ya mjomba, hata mchungaji wetu huitaja kwa sauti ya chini. Kanana anajifanya jasiri, lakini ameigeuza picha itazame ukuta, na hajaokota kitu tena.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi niliye mkubwa. Mume wake Vincent yuko tayari kuleta kondoo na asali, popote utakaposema. Lakini mtoto hatangoja.

Wasalimie mama watoto na binamu zetu wote. Vincent anakusalimu kwa heshima.

Jambo moja tu nakuomba. Tulipokuwa wadogo ulitutemea mate ya baraka kifuani. Itemee karatasi hii, umpe Thuranira, dereva wa lori aliyekuletea, anirudishie. Najua Kanana ataibandika palepale kwenye alama yako, na mara hii sitasema nyumba ni jalala.

Mungu akubariki, Mjomba, nawe utubariki sisi.

Mpwa wako akupendaye na kukuogopa,
Gladwell