Spika Ulizomchagulia Mama

Namawala,
Ifakara.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Octavian,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini mimi dada yako naitikia mapema tusicheleweshane. Hujambo? Afya yako vipi, na kazi ya mgodini huko Kahama inakwendaje? Sisi tuliobaki hapa tu wazima. Mpunga tumeanza kuvuna, na njia ya Ifakara ina matope yake yale yale. Barua hii anakuletea Rosa, anayerudi huko kesho.

Nakuandikia kuhusu ile Noah uliyomnunulia mama ya kumpeleka kliniki. Spika zinapiga vizuri mno. Kwa kuchagua, hujambo.

Unakumbuka fundi Omega alitaka kufunga spika ndogo za milangoni tu. Alisema besi mbili kubwa na amplifaya ile zitamaliza betri injini ikiwa imezimwa. Ukamjibu kwenye simu, sote tukisikia, "Fundi, funga nilichotuma. Hao wa kijijini wanajua nini kuhusu mziki?" Mama akacheka, akasema mwanawe anapenda vitu vizuri.

Basi Jumatano ukamtaka Jofrey akutumie video ya vioo vinavyotetemeka. Binamu yetu ni mtiifu kupita kiasi. Aliosha gari, akapiga mziki asubuhi nzima bila kuwasha injini, mpaka akapata video ya kukufurahisha. Mchana mama akaanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Tukambeba hadi kwenye gari, Jofrey akazungusha ufunguo, kimya. Lile gari ni otomatiki, hata ukilisukuma haliwaki. Tulilisukuma hivyo hivyo, kwa kuchanganyikiwa.

Mwisho tukampakia kwenye bodaboda, mdogo wetu Digna nyuma amemkumbatia, kitenge kimewafunga pamoja. Mama alikufa kabla hawajafika hospitali. Digna alijua, akamwacha dereva aendelee.

Tukaazima betri, gari likazunguka kutangaza msiba. Nakuhakikishia kila neno lilisikika. Hata waliokuwa mashambani walikuja. Tulizika Alhamisi.

Utauliza kwa nini hukupigiwa simu. Namba yako ninayo. Niliwaambia ndugu kwamba nimekupigia, ukasema huwezi kuacha kazi, tuzike tu. Nilidhani angalau mmoja atabisha. Mjomba Kelestini akasema, "Ndiye yeye huyo," akachukua jembe akaenda kuchimba. Ukija sasa ukane, sijui nani atakuamini.

Mjomba hakusalimu. Shangazi Yosefina hataki jina lako litajwe kwake. Jofrey anakusalimu, ila haongei siku hizi.

Ile video, iangalie tena. Ulimjibu Jofrey kwa dole gumba, kwa hiyo nadhani ulitazama vioo tu. Nyuma ya gari, mlangoni pa jiko, mama anakupungia mkono.

Mungu akupe maisha marefu, na kumbukumbu isiyochoka.

Ni mimi dada yako, uliyenyonya naye ziwa moja,
Getrude