Figo Yako Haikuwa na Kosa

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile kovu la ubavuni halikusumbui tena ukiinama. Shemeji hajambo? Na wajomba zangu, wanao? Huku tupo, tunapumua, Mama anakula kidogo. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kakanyaga wino. Darasa la nne ndiyo chuo kikuu changu, kwa hiyo soma polepole. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako naanza utani, halafu nakata.

Ni habari za marehemu mdogo wetu. Tangu umpe figo yako alinawiri mpaka nikamwita Bwana Mkubwa. Dawa alimeza kwa saa, hakuruka hata siku moja. Daktari alituambia zile dawa zinaupumbaza mwili usiifukuze figo ngeni, ila zinawalaza na askari wa mwili, kwa hiyo homa ya kawaida kwa mwingine, kwake ni vita. Mama akamnunulia chandarua kipya. Jua likizama tu, kafunikwa humo kama bibi harusi.

Mimi nilipofukuzwa barabarani nilihamishia kazi ya pancha nyuma ya nyumba, na matairi yangu chakavu yote, chini ya dirisha lake. Alifurahi mno. Alishinda pale kwenye kiti akiwatania wateja, eti fundi huyu akiziba tundu moja anafungua mawili ili mrudi. Dada, tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Mvua zikanyesha. Bibi afya akapita, akachota maji ndani ya tairi kwa kikombe, akanionyesha viluwiluwi vinacheza. Akasema mbu wa humo anauma mchana, analeta homa ya dengue, niyamwage maji yote na kuyafunika matairi. Nikamjibu hiyo ni mifugo yangu, arudi ikinenepa. Watu wakaangua kicheko, na mdogo wetu akacheka mpaka akashika ubavu. Nikasema nitamwaga kesho. Kesho ikaja na kazi zake.

Hazikupita wiki mbili, homa ikatuangusha wote wawili. Mimi siku ya tano niliinuka. Yeye fizi zilianza kutoa damu, tukamkimbiza hospitali, na hakutoka.

Sasa Dada, uliponipigia kuuliza kimemuua nini, nilikuambia figo imekataa. Nilikudanganya. Baadaye Mama akanieleza unalia kila siku, unasema ulimpa mdogo wako kitu kibovu. Nikanyamaza. Miezi minne nimenyamaza, mimi mwenye mdomo usiofungwa. Ukweli ni kwamba daktari aliniita peke yangu akaniambia figo ilifanya kazi vizuri mpaka homa ilipomzidi nguvu. Ilikuwa dengue. Yalikuwa matairi yangu, na uvivu wangu.

Ulimpa kitu kizima, Dada. Aliishi kwa hicho miaka mitatu.

Nikishaitia barua hii posta nakwenda kumwambia Mama. Nimeanza na wewe, maana nikianza na yeye nitakosa nguvu ya kuandika. Nisalimie Shemeji, wabusu watoto. Ukiona huwezi kunijibu, mpigie Mama tu, nitajua umeisoma.

Ni mimi mdogo wako uliyebaki naye,
Fundi Pancha