Saa Uliyoiandika Kwenye Paji la Uso

Mama yangu wa kalamu nyuma ya sikio,

Begi lako la vitani bado linaning'inia kwenye msumari ule ule, nyuma ya mlango. Jana nililifungua. Mkasi umeshika kutu. Bomba la sindano la kioo, ulilokuwa ukilichemsha katika sufuria tuliyokatazwa kupikia chai, halina hata ufa. Na chini kabisa, umeviringishwa vizuri, upo ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli.

Kazi yake ulinieleza wewe. Vitani mipira ya kufungia majeraha iliwaishia upesi, nyinyi wauguzi wa jeshi mkaanza kukata ya baiskeli. Askari akivuja damu mguuni, unamfunga juu ya jeraha, unakaza kwa kijiti, halafu unamwandikia saa kwenye paji la uso. Mpira ukikaa mno, mguu unakufa, kwa hiyo daktari lazima ajue ulifungwa lini. "Karatasi inapoteaka," ulisema, "lakini kichwa inabakia na mwenyewe."

Nasi watoto wako hatukukwepa hilo. Homa ikitushika, unatupa kidonge na kutuandikia saa usoni kwa biki. Nilikwenda shule kama mzigo wa stesheni ulioandikwa chaki! Wenzangu walicheka: "Treni yako inatoka saa ngapi?" Nikishavuka reli nilitemea mate kiganjani, nikajifuta. Ulijua, na jioni ukaandika tena bila kunigombeza. Nilidhani ni ukaidi wa kijeshi tu.

Sababu uliitaja mara moja, tukichambua sombe, majani ya muhogo, uani. Kijana mmoja alifikishwa kwa daktari na mpira wako mguuni, paji lake tupu. Wewe ulikuwa umebaki mstari wa mbele na majeruhi wengine; haya ulisimuliwa baadaye. Daktari aliuliza saa, hakuna aliyejua, naye hakutaka kubahatisha. Akaukata mguu.

"Nilisahau kuandika," ulisema. "Mutoto wa bantu."

Mtoto wa watu, ulimaanisha. Uliendelea kuchambua majani, na hukulitaja tena hadi kufa kwako.

Siku ya pili ya kilio chako, treni ilimleta mzee mmoja wa magongo kutoka Luena. Alikuwa amesikia jina lako kwa watu wa reli, wakitaja msiba wako, akalikumbuka. Miaka yote hii alikuwa Luena akishona viatu. Luena, Mama! Pale pale baba, dereva wa treni, alipokuwa akipita mwaka hadi mwaka.

"Weye uko mutoto yake?" aliniuliza. "Mama yako njo alinifungaka mupira."

Nilianza kumwomba msamaha kwa niaba yako. Akanikatiza.

"Musamaha ya nini? Aliandikaka, hapa." Akagusa paji lake. "Jasho ilikuwa inaniingia mu macho. Miye njo nilipangusa na mukono. Sikujua kama iko na kazi."

Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Na hasira nayo ilinishika. Nilimkasirikia yeye kwa kuchelewa, na baba kwa kupita Luena bila kuuliza. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kumeza peke yako jambo ambalo swali moja lingelimaliza. Lakini ungemuuliza nani, nawe uliamini kijana yule anakulaani kila aamkapo? Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya kwako yalikuwa mzaliwa wa kwanza, yalilala nyumba moja nawe maisha yako yote, na sisi hatukuyaona.

Kabla ya kuondoka, mzee aliomba kuona begi. Nilimpa mpira aushike. Aliupapasa, kisha akaukunja kama ulivyokuwa ukiukunja wewe na kunirudishia. "Mwambie asante," alisema, kana kwamba umekwenda tu sokoni na utarudi.

Basi nakuambia. Anakushukuru, Mama. Na uliandika. Hukusahau, uliandika. Ni yeye aliyefuta, kama mimi.

Lala sasa.

Kitindamimba wako,
yule wa kujifuta kwa mate