Majani ya Nyanya Yaliyojikunja

Mama Ekai, ejok!

Jua la Kakuma linachoma, mtoto hakunipa usingizi, lakini leo nacheka. Lile jani la nyanya nililolibeba kutoka Lodwar kama ushahidi kwamba maji yako ya sabuni ndiyo yanayoua nyanya zangu, nimemwonyesha Mama Keji, Msudani anayefundisha bustani kambini. Aliligeuza, akaruka: “Ala! Unaniletea ugonjwa?” Akalitupa kwenye moto wa chai.

Ni virusi, dada, vinaletwa na inzi weupe wadogo. Ndugu za inzi hao walimaliza mihogo ya kwao Mama Keji. Nisamehe zile kelele zote. Ng’oa miche yangu iliyojikunja, uchome, usiihurumie, kabla inzi hawajahamia kwako. Jumamosi naleta mbegu, tugawane.

Wabusu watoto. Na maji yako ya sabuni, mwaga popote upendapo.

Mama Lokwang