Dume Mwekundu na Nafasi ya Chuo Kikuu

Mama Mshauri mpendwa, salamu nyingi kutoka Usangu. Nisaidie, maana nyumbani kwangu hatusemezani kwa ajili ya ng'ombe mmoja, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimehitimu darasa la watu wazima juzi tu, kwa hiyo mstari ukipinda usinicheke.

Nina kijana wangu Seni, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu wote kumaliza kidato cha sita, kasomea Iringa, kaenda Jeshi la Kujenga Taifa akarudi mwembamba lakini kanyooka, sasa yuko Mbeya kwenye karakana ya matrekta, na mimi nikipita pale nikamwona na ovaroli lake lenye grisi kifua kinanijaa, sifichi. Ameomba Chuo Kikuu, anataka uhandisi, maksi anazo, ila naambiwa siku hizi maksi peke yake hazimpeleki mtu, lazima wafanyakazi wenzake wakae wamjadili, na tawi la Chama nalo limjadili, waseme kama ni mtu wa watu au ana majivuno, ndipo jina liende Dar es Salaam, na huko nako nafasi chache, waombaji tele.

Nikawaza, sisi ni Wasukuma tuliohamia na mifugo, wapo wanaosema tumekuja kumaliza majani ya wenyewe, sasa watu hao hao wamjadili mwanangu wakiwa na njaa? Kwetu jambo kubwa la mtoto halizungumzwi midomo mikavu. Basi nikamchagua dume wangu mwekundu, ambaye hata mnadani nimekataa kumtoa, nikamswaga mpaka Mbalizi, jirani na Mbeya, kwa rafiki yangu Lutengano, nia yangu achinjwe pale karakana siku ya mkutano, watu washibe, wajue Seni ana kwao.

Seni aliposikia alikuja Mbalizi mbio, hata salamu hakumaliza, akasema, "Baba, rudisha huyo ng'ombe. Nataka wamseme Seni, wasiseme nyama." Nikamwuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, leo unawaonea haya ng'ombe waliokusomesha?" Machozi yakamlenga, akasema nikimfikisha huyo dume karakana ataliondoa jina lake mwenyewe, na mama yake, Ng'washi, yuko upande wake. Mkutano ni mwezi ujao. Je, nimpelekee mwenyekiti wa tawi kimya kimya, au nimwache mtoto asimame mbele ya watu kama hana baba?

Ni mimi Nkuba Magesa, Usangu.

Mama Apolonia anajibu:

Shikamoo, mzee Nkuba. Mistari yako imenyooka yote. Kilichopinda ni huo mpango wako wa ng'ombe.

Nimewahi kufanya kazi kiwandani na nimekaa katika vikao vya namna hiyo, kwa hiyo nisikilize. Watu hawaulizi baba wa kijana ana zizi kubwa kiasi gani. Wanauliza trekta lilipokwama topeni nani aliingia chini yake. Wanauliza kama anakula nao ugali au anajitenga na vitabu vyake, na kama mzee wa karakana akimtuma anakwenda au ananuna. Hayo wameyaona kwa macho yao tangu alipoajiriwa. Ukiwalisha, anayempenda Seni ataona haya kumsifu, na asiyempenda atasimama aseme msomi huyu amenunuliwa nafasi. Utakuwa umemchinja mwanao pamoja na huyo dume.

Na hiyo "kimya kimya" kwa mwenyekiti, mzee wangu, hapo umenikasirisha. Ng'ombe anayeletwa mchana mbele ya watu naweza kumwita kosa la furaha. Anayepelekwa kwa mlango wa nyuma ni rushwa, na wewe unajua, ndiyo maana umeniuliza.

Hofu yako ya ugeni naielewa, na imeniuma. Lakini Seni si mgeni karakana. Wala hawaonei haya ng'ombe wako. Angeona haya asingelia mbele yako, angekukimbia. Amekataa kubebwa, basi. Kijana anayeweza kumwambia hapana baba anayemheshimu, tena kwa jambo ambalo lingemfaa yeye mwenyewe, ndiye hasa wanayemtafuta hao wanaomjadili. Ukaidi huo hakuuokota barabarani, ameutoa kwako, na ningekuwa mimi ningetembea Usangu nzima nikijisifu.

Sasa fanya hivi. Ukisoma haya nenda Mbalizi, umshukuru Lutengano, umswage ng'ombe wako arudi zizini. Kwa mwenyekiti usikanyage. Kisha mwite Seni, mwambie wazi mbele ya mama yake kwamba umemwelewa. Usimwachie Ng'washi akusemee.

Akipata nafasi, mchinje dume, waite majirani Wasangu wenye hayo majani, wale wasaze. Asipopata mwaka huu, maana wazuri wengi huachwa, mchinje vilevile, na vigelegele visipungue hata kimoja. Chuo kinaweza kumkosa. Wewe umekwisha kumpata.

Na siku ya mkutano, wakikuuliza njiani mbona hukwenda kumsindikiza mwanao, wajibu bila kuinamisha uso: hakuhitaji kusindikizwa.