Kitingwili Kiko Upande Gani?

Jumatatu, 3 Juni

Kitabu kimetoka! Nimekiona leo kwenye duka la vitabu karibu na benki, nakala zimepangwa dirishani kama sabuni. *Himaya Tisa: Injini ya Kiza*. Kwenye jalada yuko yule mwigizaji anayecheza Nahodha kwenye televisheni, bunduki ya mwanga mkononi, nywele zimetengenezwa kuliko zangu siku ya harusi. Jina langu? Halipo. Mkataba ndivyo unavyosema: riwaya inauzwa kwa jina la tamthilia, mwandishi hatajwi, wala asijitaje. Nilitia saini mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Nyumbani wanaamini miezi yote ile nilikuwa nasahihisha vitabu vya jiografia. Siku moja mume wangu aliniuliza, mbona kazi haiishi, kwani mito imeongezeka? Nikamwambia imeongezeka kidogo.

Nimesimama pale dirishani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Jumatano, 5 Juni

Nasoma maoni ya wasomaji kwenye simu tangu asubuhi. Chai nimeipasha mara mbili na bado imepoa.

Mmoja ameipenda riwaya kuliko tamthilia yenyewe. Mtu wa maana sana huyo! Mwingine, anayejiita Komandoo wa Sofa, anasema mwandishi hajawahi kuangalia hata kipindi kimoja. Nimeangalia misimu yote mitano, mwongo mkubwa wewe! Halafu kuna anayesema vita vya anga ni vizuri ila mapenzi yamepwaya. Chini yake kuna anayesema mapenzi ni matamu ila vita vimepwaya. Hawa wawili wangeoana tu tupumzike. Na kuna aliyenipa nyota moja kati ya tano kwa sababu nakala yake ilifika imelowa. Kwani mimi ndiye mvua?

Lakini wanakogombana hasa ni kwa Fundi Mkuu.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayenisoma. Merikebu ya anga ilihitaji fundi, nami mafundi wa anga siwajui. Ninayemjua ni mume wangu, fundi friji. Nikamchukua mzima mzima nikamvisha sare. Fundi Mkuu analaza sikio kwenye mashine kabla ya kushika spana. Anatafuta miwani iliyo kwenye paji la uso wake. Merikebu ikishambuliwa, yeye huvaa soksi kwanza, suruali baadaye, na adui wanangoja. Na kitu akikisahau jina hukiita "kitingwili". Hakuna kiumbe duniani anayesema kitingwili ila mume wangu. Skrubu ni kitingwili, kizibo ni kitingwili, rimoti ni kitingwili.

Nusu ya wasomaji wanavunjika mbavu. Nusu wanataka auawe kabla ya ukurasa wa kumi wa kitabu cha pili.

Ijumaa, 7 Juni

Mhariri kapiga simu. Sauti tamu, nikajua kuna jambo.

Kumbe mashabiki wamechachamaa. Sura ya tatu Fundi Mkuu anapiga kelele, "Kitingwili kimekatika!" na merikebu nzima inazima taa. Wanasema misimu yote mitano hawajawahi kusikia kitingwili. Wengine wanawajibu kwamba wao hawakuwa makini, kitingwili kilionekana msimu wa pili nyuma ya Nahodha. Kuna aliyekichora! Kina nyaya na mabawa.

Ukweli ni kwamba pale nilikuwa sijui jina la kifaa. Nikaweka kitingwili kwanza, nikakusudia kurudi kutafuta neno la kitaalamu. Sikurudi. Mhariri akadhani ni neno la tamthilia. Watu wa tamthilia wakadhani ni ubunifu wa mhariri. Kila mmoja akapitisha.

Sasa toleo jipya linataka mchoro wa injini. Mhariri ananiuliza, kitingwili kiko upande gani?

Nikasema kushoto.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa! Mume wangu ameingia na kitabu kwapani.

Mteja mmoja kamletea friji, akamwambia kwa mzaha, fundi angalia vizuri, huenda kitingwili kimekatika. Mume wangu akamuuliza hilo neno amelitoa wapi. Mteja akamwonyesha kitabu. Yeye, ambaye tangu tuoane nimemwona akisoma maelekezo ya kompresa tu, akafunga karakana akaenda dukani.

"Mke wangu," ananiambia, "kuna mtu ameniiba."

Nikajifanya hamnazo. Nikamuuliza ameibiwa nini. Akasema, "Mdomo."

Sasa yuko sebuleni. Anasoma huku midomo inacheza, kidole chini ya mstari. Alama yake ya ukurasa ni kipande cha msasa. Mara anacheka peke yake. Mara anasema, "Huyu bwana ana akili sana!" Anamaanisha Fundi Mkuu. Nimejificha jikoni nakausha sahani ambazo ni kavu.

Sicho hicho kinachonitetemesha. Utani atausamehe, ana moyo mpana kuliko mlango wa karakana yake. Ninachokiogopa ni sura ya kumi na moja. Humo mke wa Fundi Mkuu amesimama kwenye dirisha la merikebu, anatazama giza, anamwambia mpishi: "Mume wangu husikia kila mashine humu ndani. Ningekuwa pampu, angekuwa ameshanisikia zamani."

Hiyo sikuitunga. Niliiandika jioni moja baada ya kumweleza mume wangu jambo zito kuhusu mimi na yeye, na nilipomaliza akaniambia friji ya jirani inakoroma vibaya.

Jumapili, 9 Juni

Yuko sura ya nne.

Wifi yangu amekuja, mshonaji, dada mtu, ulimi kama mkasi wake. Na yeye anacho kitabu! Amekimaliza. Akatoa hukumu akiwa bado amesimama mlangoni: vita virefu mno, Nahodha anajisikia, Fundi Mkuu ni dhahabu tupu, ila yule mkewe ni mkorofi, hana shukrani, mume hanywi, halali nje, bado analalamika dirishani.

"Mimi ningekuwa mama mkwe wake angenitambua," akasema.

Nikamwambia huenda mke naye ana yake moyoni. Akasema, wifi yangu, wewe una huruma sana, ungekuwa wewe usingesema maneno kama yale. Nikamwongezea chai.

Halafu wakakaa ndugu wawili kufanya upelelezi. Neno kitingwili nani amelisikia? Wakahesabu jamaa wote. Wakaishia kwa binamu yao mwalimu, yule anayeandika mashairi ya mahafali na kuvaa skafu wakati wa joto. Ndiye pekee katika ukoo mwenye kalamu, alisema wifi.

Mimi nimekaa katikati yao, wino haujakauka vidoleni, hakuna hata mmoja aliyenitupia jicho. Nifurahi au nikasirike? Nimefanya yote mawili.

Jumanne, 11 Juni

Siamini! Binamu hakukataa!

Walimpigia simu, sauti imefunguliwa, nami nikasikia. Mume wangu akamuuliza moja kwa moja: ni wewe? Binamu akasafisha koo, kisha ile sauti yake ya mahafali: "Ndugu yangu, kuna mambo mwandishi hawezi kuyasema." Wifi akapiga vigelegele.

Hajadanganya, hajasema kweli. Nyoka! Hiyo sentensi ni yangu mimi, ndiyo iliyo kwenye mkataba wangu!

Jioni tayari watu wanampigia kumpongeza. Mmoja kampelekea kitabu akitie saini. Ametia! Macho yangu, mishipa yangu, mgongo wangu ulioharibika kwenye kile kiti cha plastiki, na saini ni ya mtu mwenye skafu.

Kwa upande mwingine, nimepona. Mume wangu akifika sura ya kumi na moja atadhani ni maneno ya binamu, yatampita. Najiambia hivyo. Yuko sura ya nane.

Alhamisi, 13 Juni

Msasa uko sura ya kumi na mbili.

Sikuwepo alipoipita ile ya kumi na moja. Nilikuwa sokoni. Nimerudi nikamkuta amekaa kwenye kiti cha varanda, kitabu kimefungwa mapajani, anatazama ukuta. Nikamuuliza, vipi, kimekuchosha? Akasema hapana. Nikamuuliza atakula nini. Akasema chochote.

Mume wangu hajawahi kusema "chochote" kuhusu chakula tangu nimjue.

Ijumaa, 14 Juni

Mhariri tena. Kitabu kinauzwa vizuri, wanataka cha pili, na ni mimi wanayemtaka. Nimeruka! Kisha akaongeza: wasomaji wamegawanyika mno kuhusu Fundi Mkuu, tamthilia imeamua afe. Sura za mwanzo. Afe kishujaa, waliompenda walie, waliomchukia waridhike, wote wanunue.

Nikasema nitafikiri. Akasema hakuna la kufikiri, ni kifo tu.

Nimejaribu leo. Nimemfungia kwenye chumba cha injini, moto umetanda. Kavaa soksi. Basi, nikashindwa kuendelea. Nikaenda karakana na kisingizio cha kumpelekea mume wangu chaji ya simu. Alikuwa amelaza shavu kwenye friji nyeupe, macho amefumba. Aliponiona akainuka haraka kama mtu aliyefumaniwa. Akazima friji. Akasema, "Ulikuwa unasemaje?"

Sikuwa nimesema kitu.

Jumapili, 16 Juni

Leo mwenye duka la vitabu ameandaa kikao cha wasomaji. Mwalikwa wa heshima: binamu! Kakaa mbele na skafu yake, chupa ya maji pembeni. Nilikwenda kwa sababu mume wangu alitaka twende wote. Alivaa shati la harusi za watu. Wifi alikaa safu ya mbele kabisa.

Watu walipigana kwa maneno saa nzima. Kijana mmoja akasema riwaya imeichafua tamthilia. Mama mmoja mwuguzi akasema yeye tamthilia hana habari nayo, alisoma kwa ajili ya mke wa Fundi, na ile sentensi ya dirishani ameibandika kwenye friji yake. Komandoo wa Sofa naye alikuwepo! Ni kijibwana kifupi, mpole, ana kikohozi. Akasema tumekuja kusoma vita vya anga tunapewa ugomvi wa jikoni. Mwuguzi akamwambia yeye labda hana jikoni. Ukumbi ukalipuka.

Wakamuuliza binamu: mke anampenda Fundi au hampendi? Binamu akakunja skafu. Akasema, "Yule mke nilimweka tu, hana uzito. Ni mapambo."

Mapambo! Niliushika ukingo wa kiti ili nisisimame.

Hapo mume wangu akanyoosha mkono. Hajawahi kuzungumza mbele za watu, hata kwenye harusi yetu hotuba alimsukumia kaka yake. Akasimama. Akauliza taratibu, "Kwa nini Fundi anavaa soksi kabla ya suruali?"

Binamu akakohoa. Akasema hiyo ni ishara ya falsafa, mwanadamu na ulimwengu, miguu na ardhi. Watu wakapiga makofi. Mume wangu akasema asante. Akakaa. Binamu hajawahi kulala kwetu hata siku moja. Wifi hajamwona kaka yake akivaa tangu wawe watoto. Niliiona hesabu inapanda usoni mwa mume wangu polepole, kama anavyofanya akitafuta gesi inavujia wapi. Hakugeuka kunitazama. Alitazama mbele tu, mikono magotini, mpaka kikao kikaisha.

Njiani wifi alisema kwa niaba yetu wote.

Sasa ni alasiri, tuko nyumbani. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango, nimeanza kuandika haya. Nilipofika hapa amebisha. Mlango wa chumba chetu, anabisha! Ameingia na kitabu. Amesema ana swali la msomaji, na angependa kumuuliza mwandishi mwenyewe.

Mwandiko umepinda. Nimemwambia, uliza.

Ameuliza kama yule mke pale dirishani alikuwa na hasira za siku ile tu, au ndivyo anavyoishi kila siku.

Nimemwambia subiri kidogo, namalizia mstari. Amesema sawa. Amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu. Nimemwambia pia, maana yamenitoka, kwamba wanataka Fundi afe. Amesema huyo nimsubirishe kwanza, hiyo ni kazi, tutaizungumza. Ameuliza tena kuhusu mke.

Jibu ninalo. Ninalo tangu ile jioni ya friji ya jirani, na nilishaliandika mara moja, limechapishwa, limebandikwa majikoni kwa watu. Kulisema ndiyo shughuli. Naandika ili nisiinue uso. Naandika kwamba shuka ni la bluu. Naandika kwamba pazia linahitaji kufuliwa.

Amenyoosha mkono akaufunika ukurasa, nimebakiwa na nafasi hii ya chini tu. Anasema, "Usiandike, mke wangu. Sema. Nasikiliza